Naomba ushauri: bei ya asili na bei ya kazi wakati wa kuunda wahusika

Msimamizi wa Umoja

Salamu kwenu wadau. Mimi husimamia mchezo wa kuigiza wa mezani (kila mchezaji huunda mhusika wake, na dadu huamua kama matendo yake yamefaulu) hapa Nairobi, mtaa wa Umoja, ambako wachezaji watano hukutana sebuleni kwangu kila Jumamosi alasiri. Kanuni nilizitunga mwenyewe kwa kutumia dadu tatu za pande sita, kwa kuwa dadu za ludo hupatikana dukani bila taabu, ilhali zile za pande ishirini ni lazima uziagize na kuzisubiri. Mchezaji hurusha dadu zote tatu, na jumla isipozidi alama yake, amefaulu. Alama za kila mhusika, kama vile nguvu, huanzia 10.

Kila mchezaji hupewa pointi 100. Kwanza hununua asili, yaani aina ya kiumbe, kisha kazi, na zinazobaki huzinunulia stadi. (Neno "kabila" nililikataa mapema. Mezani kwetu kuna Mluhya, Mkamba, Mswahili na Wajaluo wawili, na sikutaka mtu asome kwenye karatasi niliyoiandika mimi kwamba kabila fulani lina akili pungufu.) Binadamu ni bure, kibwengo ni pointi 25, jitu 30 na jini 40. Kwa upande wa kazi, manju ni 10, nahodha 15, askari 20 na mganga 25. Jitu huongezewa nguvu 3, na askari vilevile huongezewa nguvu 3. Vitani mtu hurusha dadu dhidi ya nguvu zake. Akifaulu, jeraha ni dadu moja pamoja na kila nguvu iliyozidi 10.

Katika miezi sita wameundwa askari majitu watatu, na binadamu hata mmoja hajaundwa. Dada mmoja anayependa ushairi aliunda jitu manju, lakini kufikia kikao cha tatu alikuwa amejuta, kwa sababu alilipa pointi 30 kwa misuli ambayo mashairi yake hayakuihitaji. Nilipojaribu kwa muda kupandisha bei ya jitu hadi 40, askari majitu waliendelea kuwepo kama kawaida, na aliyeumia zaidi ni yule dada. Je, bei ya asili itegemee kazi anayoichagua mtu? Nikifanya hivyo nitahitaji jedwali la kila asili kwa kila kazi, na nachelea kwamba litanishinda kulitunza.

Dadu Tatu

Ndugu msimamizi, kabla hujagusa bei, tazama kwanza bidhaa unayoiuza. Kwa dadu tatu, mwenye nguvu 10 hufaulu mara 50 kwa mia. Ukimpa 3 anafika asilimia 83.8, na ukimpa 3 nyingine anafika asilimia 98.1. Nyongeza ya kwanza imemletea karibu asilimia 34, na ya pili asilimia 14 tu. Kwa hiyo dadu zenyewe zinamzuia mtu asirundike kila kitu mahali pamoja, na mizani ingejirekebisha yenyewe laiti ungeiachia.

Kinachoiharibu ni kanuni ya jeraha. Nimekokotoa wastani wa jeraha kwa kila pigo linalorushwa, nikihesabu na yale yanayokosa. Mwenye nguvu 10 hupata 1.75. Mwenye 13, awe binadamu askari au jitu manju, hupata 5.45. Askari jitu mwenye 16 hupata 9.32. Hatua ya kwanza imeongeza 3.70 na ya pili 3.87, yaani nyongeza ya pili ina thamani kuliko ya kwanza! Nguvu zinalipwa mara mbili, kwenye kulenga na kwenye jeraha, na wachezaji wako wameliona jambo hilo hata kama hawakupiga hesabu.

Ningependekeza jeraha litokane na silaha, na nguvu ziamue tu ni silaha ipi mtu anaweza kuishika. Panga liwe dadu moja kwa kila mtu. Rungu zito liwe dadu moja na 2, na lihitaji nguvu 13. Hapo binadamu askari hupata 4.61 na askari jitu 5.40. Jitu bado anampita binadamu, kama inavyostahili, lakini anampita kidogo.

Mama wa Mazimwi

Nakubaliana na Dadu Tatu kuhusu jeraha, ila bado yule dada hajasaidiwa, kwa kuwa jitu manju analipa 30 kama zamani.

Tatizo hili ni la zamani. Katika Dungeons & Dragons ya mwaka 1981, mchezo maarufu wa aina hii, toleo la wanaoanza, elfi (kiumbe wa hadithi) alikuwa asili na kazi kwa pamoja. Alipigana na pia akafanya uchawi, na kwa ajili hiyo alihitaji pointi 4,000 za uzoefu ili afike ngazi ya pili, wakati mpiganaji wa kawaida alihitaji 2,000. Isitoshe, hakuruhusiwa kupita ngazi ya kumi. Toleo lililorekebishwa la mwaka 2003 lilijaribu njia nyingine: mwenye asili yenye nguvu nyingi alihesabiwa kuwa tayari amepanda ngazi ambazo hakuzipanda. Ukiwa drow, yaani elfi wa chini ya ardhi, ngazi yako moja ya kazi ilihesabiwa kuwa tatu. Binafsi naiona njia hiyo kuwa ya kikatili kwa wachawi, kwa maana mpiganaji huweza kuvumilia kuchelewa, ilhali mchawi aliyechelewa ngazi mbili hukosa uganga ule ule uliomfanya aichague kazi hiyo.

Iliyonisaidia mimi ni njia ya Rolemaster, mchezo mwingine wa aina hii. Kule kazi haiuzwi. Kazi ni orodha ya bei. Mpiganaji hujifunza silaha kwa pointi chache, na mchawi hujifunza silaha hizo hizo kwa bei ya kuumiza. Ichukue hiyo. Ifute bei ya askari, mganga, nahodha na manju, na nyongeza zao uzifute pia. Kama una stadi 12, kila kazi iwe na nne za pointi 2 kwa hatua, nne za pointi 4 na nne za pointi 7. Halafu asili ilipiwe mara moja, bei moja kwa wote. Jedwali unalolihofia halitahitajika, kwa sababu kazi na asili hazitakuwa zikiuza kitu kimoja.

Jihadhari na jambo moja tu: stadi zisizotumika. Ukimpa manju upishi na ususi kwa bei rahisi, na wewe hujawahi kuwarushisha watu dadu za upishi, umempunja huku karatasi ikionyesha usawa.

Punda wa Langoni

Msimamizi, mchezo wako unafanyika wapi? Nauliza kwa sababu jitu sharti awe na kasoro zinazompunguzia bei.

Msimamizi wa Umoja

Ni mji wa pwani niliouiga kutoka mji mkongwe wa Lamu. Kasoro ya jitu ni mwili mkubwa, na nilimpunguzia pointi 10 kwa hiyo. Bila hiyo angeuzwa 40.

Punda wa Langoni

Basi kaka, umemrudishia fedha kwa kasoro ambayo haijawahi kumgusa. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba kiasi kwamba ukikutana na punda aliyebeba mzigo unajibanza ukutani ili apite. Jitu atapitaje humo? Atalizungushaje rungu zito baina ya kuta mbili? Nadhani vita vyako vyote unavipiganisha ufukweni, kwenye nafasi. Ama uviingize vichochoroni na madarini, ama umdai jitu zile pointi 10.

Msimamizi wa Umoja

Ni kweli, vita vyote vimekuwa ufukweni. Nawashukuru sana.

Jumamosi iliyopita tulijaribu. Jeraha sasa linatoka kwenye silaha, kazi zimekuwa orodha za bei, na jitu amebaki 30 ila hawezi kutumia rungu mahali pasipo na nafasi ya mikono kunyooka. Tulipigana katika kichochoro cha nyuma ya msikiti, na kibwengo aliyekuwa akidharauliwa ndiye aliyeuokoa msafara. Kwa mara ya kwanza mtu mmoja ameomba kuunda binadamu, kwa hesabu kwamba pointi 30 anazobakiza humnunulia hatua 15 za stadi rahisi. Je, hilo silo kupindukia?

Dadu Tatu

Weka kikomo: stadi isipande zaidi ya hatua 4 wakati wa kuunda mhusika. Zile 15 zitalazimika kutawanyika, naye atakuwa mtu wa mambo mengi.

Mama wa Mazimwi

Na wahusika wa zamani usiwanyang'anye kitu. Wape tofauti ya bei wainunulie stadi.

Msimamizi wa Umoja

Nimefanya hivyo. Askari majitu watatu wamerudishiwa pointi 20 kila mmoja. Wawili wamenunua upigaji mbizi. Wa tatu amejifunza kusoma hati za zamani kwa bei ya pointi 7 kwa hatua, na amesema hajali ughali wake. Dada wa ushairi amebaki na jitu wake, naye ameniomba niongeze stadi ya kughani mbele ya umati. Nimeipanga kwenye zile za pointi 2 kwa manju, nikautoa upishi.