Naomba ushauri: trauti wa ziwani hawagusi chambo cha kijiko

Habari zenu wavuvi. Naomba msaada kwa anayemjua trauti wa ziwani (samaki wa maji baridi) wa Ontario, Kanada.

Niko ziwa Opeongo, hifadhi ya Algonquin, katikati ya Julai. Maji ya juu ni nyuzi 22, kwa hiyo samaki wamezama kufuata baridi. Kipima kina kinawaonyesha mita 18 hadi 20, na chini ni mita 24. Narambaza kwa mtumbwi: chubwi ya gramu 60, halafu mita moja na nusu ya mshipi mwembamba, mwisho kijiko (chambo bandia cha chuma) cha rangi ya fedha cha sentimita 7. Chubwi ikigonga chini, nakunja mshipi mita 5. Tatizo ni mwendo: nikipiga kasia kwa nguvu mshipi unalala nyuma, kijiko kinapanda juu ya samaki, nikipunguza, kinaning'inia tu, hakichezi. Chubwi ya gramu 90 nayo nimejaribu, ikanasa kwenye mawe mara mbili.

Samaki hai kama chambo humu ni marufuku (na ni haki, vidagaa wageni huharibu ziwa).

Je, nibaki na gramu 90 nikunje zaidi, au nitafute kijiko chepesi kinachocheza kwa mwendo mdogo? Na mnyoo kwenye ndoano ya kijiko unasaidia, au unaua mchezo wake?