Kupima saratani ya shingo ya kizazi, nimwamini nani?

mama_twins: Wadau habari zenu, mi niko Moro nina miaka 34 sijawahi kupima, nesi wa kliniki kaniambia nije ni bure na dakika chache tu, sasa kwenye grupu la wasap kuna sauti inasambaa eti kipimo kinaharibu kizazi, nimeogopa jamani

dada_mbeya: Pole mdogo wangu. Hiyo sauti ni ya nani, unamjua? Nesi ukipata shida kesho unamrudia. Mi nilipima, wanapaka siki wanaangalia kama kuna sehemu inageuka nyeupe, basi.

kaka_wa_pwani: Mamdogo wangu alisikiliza maneno ya mtaani mpaka damu zikaanza kumtoka ndo akaenda, ikawa imeshasambaa. Inaniuma mpaka leo.

nesi_wa_zamu: Siki haiharibu kizazi. Saratani hii inaletwa na kirusi cha HPV na inachukua miaka mingi kukua ndo maana tunawaita wa miaka 30 mpaka 50 hata kama hawaumwi, wenye VVU waanze mapema zaidi. Na manesi wenzangu tuache kufokea watu, mama akifokewa mara moja anarudi kuamini wasap

mama_twins: Asanteni sana, Jumatatu naenda, na shoga yangu nambeba