Digrii ya onlaini ya chuo cha Marekani au nisome hapa hapa Dodoma? Naombeni ushauri kabla sijalipa

Masijala_Mtumba ameandika:

Habari za jioni wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mtumishi wa umma, nina diploma ya utunzaji kumbukumbu, niko masijala kwenye ofisi moja pale Mtumba na naishi Nkuhungu, nina watoto wawili bado wadogo. Nataka digrii. Nimekaa cheo kile kile muda mrefu, vijana wanakuja na digrii zao wananikuta na kunipita, naumia kwa kweli. Vyuo vya hapa nimeviangalia, UDOM, St John's, CBE, Mipango, shida yangu ni muda, ruhusa ya masomo ofisini ina foleni na bosi kashasema mwaka huu bajeti hakuna, halafu mpaka nitoke Mtumba nifike nyumbani kwa daladala giza limeshaingia na watoto wanasubiri kula.

Sasa kuna chuo kimoja cha Marekani kinafundisha onlaini tupu. Nilijaza fomu kwenye tovuti yao kuuliza ada tu, tangu hapo kuna dada ananipigia wasap karibu kila siku, anasema yeye ni mshauri wa udahili. Digrii ya utawala wa biashara, dola 390 kwa krediti moja (krediti ndio kipimo chao cha masomo), krediti zote 120 ila diploma yangu inaweza kupunguza baadhi, na kuna skolashipu ya asilimia 40 lakini mwisho ijumaa hii. Anataka nitume dola 150 za kushikilia nafasi. Nikamuuliza Tanzania mnatambulika, akasema chuo chao kinatambulika dunia nzima. Mume wangu anasema huo ni utapeli, mimi naona chuo kipo kweli, kina wahitimu na kimesajiliwa huko kwao.

Kuna mtu humu amesoma vyuo vya aina hii akapanda daraja serikalini? Na hivi kusoma onlaini na kusoma darasani kwa mwajiri kuna tofauti? Pesa nilitaka nikope benki kupitia mshahara ndio maana nauliza kwanza.

Bahi_Road:

Dada angu hebu piga hesabu, 390 mara 120 ni dola 46,800, hapo ni zaidi ya milioni mia ya kwetu. Toa hiyo asilimia 40 bado unabaki na makumi ya mamilioni. Digrii nyingi kwenye vyuo vya umma hapa ada haifiki milioni mbili kwa mwaka. Mkopo wa mshahara kwa ajili ya hicho kitu usichukue, na hiyo skolashipu ya kuisha ijumaa ni ya kukukimbiza tu usipate muda wa kuuliza kama hivi ulivyouliza. Mume wako yuko sahihi hata kama chuo kipo kweli.

Mstaafu_Kikuyu:

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi za utumishi serikalini mpaka nimestaafu, naomba unisome taratibu.

Anayesema chuo cha nje kinatambulika hapa nchini ni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, siyo huyo dada wa wasap. Ukimaliza chuo cha nje unapeleka cheti na transkripti (orodha ya masomo na alama zako) TCU, wanaangalia chuo kina ithibati, yaani kibali cha ubora, huko kwao, kozi yenyewe ina ithibati, uliingia kwa sifa zipi na ulisomaje, ndipo unapewa barua ya utambuzi. Fungua tangazo lolote la Sekretariati ya Ajira utakuta wameandika waliosoma nje wahakikishe vyeti vyao vimehakikiwa na mamlaka husika. Mtu akishamaliza na kulipa ndio anaanza kuuliza TCU, ni sawa na kununua kiwanja huko Iyumbu halafu ndio uende ardhi kuuliza kama kina mwenyewe. Waandikie TCU sasa hivi, jina la chuo na jina la kozi, usubiri majibu ya maandishi.

Aprili 2017 pale pale UDOM Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Wale ilikuwa zaidi vyeti vya sekondari na ualimu, siyo jambo lako hili, lakini tangu siku ile hakuna afisa utumishi anayepokea cheti kwa kukitazama kwa macho tu.

Nitakupa mfano mmoja bila kutaja mtu wala chuo. Mtumishi alileta shahada ya uzamili ya chuo cha nje cha mtandaoni, karatasi nzito, muhuri wa dhahabu ukipitisha kidole unausikia umenyanyuka. Kufungua transkripti karibu nusu ya masomo yameandikwa yamefidiwa na uzoefu wa kazi. Barua ya TCU hakuna. Tukamwambia aifuate, akaifuata, haikupatikana. Faili likarudi masijala na mshahara wake ukabaki pale pale mpaka anaondoka kazini, na ile ada alikuwa ameuza shamba la zabibu la marehemu baba yake. Niliumia sana kwa sababu yule bwana alisoma kweli, alikuwa anakesha.

Na kuna jambo hukuliuliza. Wewe ni mtunza kumbukumbu, digrii ya utawala wa biashara itakupandishaje kwenye muundo wa kada yako? Hata ingekuwa ya chuo kikubwa kuliko vyote duniani, kama haiendani na kada yako lazima ubadilishiwe kada, na kubadilishiwa kada kunategemea nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Anza na afisa utumishi wako, muulize kada yako inataka digrii ya nini, halafu ndio utafute chuo.

Kondoa_Dallas:

Mzaliwa wa Kondoa, naishi Dallas, hivi vyuo huku tunaishi navyo ngoja niwaeleze vinavyokwenda maana wengi nyumbani mnasikia chuo cha Marekani mnadhani vyote ni kitu kimoja. Kuna vyuo vya serikali za majimbo, kuna vya binafsi visivyotafuta faida, halafu kuna vya makampuni yenye wanahisa, hivi vya tatu ndio wengi wao wanakufukuzia kwenye simu.

Wazo la mwanzo halikuwa baya kabisa. University of Phoenix ilianzishwa 1976 na John Sperling, alitaka watu wazima wenye kazi na familia kama dada hapa wapate pa kusoma, vyuo vya kawaida vilikuwa haviwajali. Baadae ikaenda onlaini, ikaingia soko la hisa, ikafika 2010 ina wanafunzi zaidi ya laki nne. Sasa pesa inatoka wapi, mwanafunzi anakopeshwa na serikali kuu, chuo kinalipwa mapema, deni anabaki nalo mwanafunzi amalize asimalize. Kwa hiyo chuo kinapata kwa kusajili, mtu akishasajiliwa kufaulu kwake siyo biashara yao tena.

2012 seneti ilitoa ripoti, seneta Tom Harkin ndio alisimamia, walichunguza makampuni 30. Mwaka mmoja walioupekua kama asilimia 22 ya mapato ilienda kwenye matangazo na kusajili watu, kufundisha kwenyewe ikapata kama asilimia 17. Wasajili walikuwa zaidi ya 35,000, wa kumsaidia mwanafunzi kutafuta kazi kama 3,500. Na zaidi ya nusu ya walioingia mwaka wa masomo 2008/09 kufika katikati ya 2010 walishaondoka bila cheti. Dada yule anayekupigia kila siku ndio hao sasa, analipwa ajaze viti.

Yaliyofuata ni kuanguka tu. Kampuni ya vyuo ya Corinthian ikafa 2015, nyingine ya ITT Tech ikafunga milango 2016, watu walikuwa katikati ya masomo. Phoenix yenyewe 2019 ilikubali kulipa na kufuta madeni jumla dola milioni 191 baada ya kutuhumiwa kwamba matangazo yake yaliwafanya watu waamini ina ubia wa ajira na makampuni kama Microsoft. 2022 serikali ikafuta dola bilioni 5.8 za watu 560,000 waliosoma Corinthian. Lakini angalia hapa, msamaha ule ulikuwa wa mikopo ya serikali ya Marekani. Wewe wa Nkuhungu mkopo wako uko benki ya Tanzania, chuo kikifa kesho benki itaendelea kukata mshahara wako na hakuna wa kukufutia.

Siyo kila chuo cha onlaini huku ni hivyo. Western Governors ni onlaini na haitafuti faida. University of the People ilianzishwa 2009, masomo hailipishi, unalipia usajili na mitihani. Hata hizo usianze kabla ya kuwauliza TCU kama mzee alivyosema.

kijana_wa_CIVE:

Naomba nipinge kidogo maana naona uzi unaelekea kwamba onlaini ni mbaya na darasani ni pazuri. Mimi niko UDOM, chuo nakipenda, lakini kukaa kwenye ukumbi na mamia ya watu hakumfanyi mtu aelewe, kuna watu wanakopi asaimenti miaka mitatu wanavaa joho wanaondoka. Programu ninazojua kuandika nyingi nimejifunza kwenye simu usiku kwa bando la chuo, na kazi ndogo niliyopata kwa kampuni binafsi hawakuuliza cheti, waliniambia onyesha ulichotengeneza. Kwa sekta binafsi hasa mambo ya kompyuta onlaini inalipa.

Na msidhani kuwa na majengo ndio usalama. 2017 TCU ilizuia vyuo 19 vya humu humu nchini kudahili wanafunzi wapya, vilikuwa na mageti na mabango yao. Kwa hiyo mimi nasema muangalie ada inafanya kazi gani, inalipa walimu au inalipa matangazo, na cheti anakikubali nani. Kwa dada yetu ambaye ni serikalini jibu la hilo la pili mzee Mstaafu kashalitoa, hapo sibishani.

Mama_Ipagala:

Dada pole na hongera kwa kutaka kusoma. Nashangaa mpaka hapa hakuna aliyetaja Chuo Kikuu Huria! Unatafuta nini Marekani wakati chuo cha kusoma ukiwa kazini tunacho, cha umma, sheria yake ilipita 1992 na mkuu wa chuo wa kwanza alikuwa mzee John Malecela mwana wa hapa hapa Dodoma. Kina vituo mikoani na Dodoma kipo. Mimi nimesoma huko nikiwa mwalimu wa msingi, nimenyonyesha mtoto huku nasoma, na cheti changu hakuna aliyewahi kukiuliza mara mbili.

Ila nikwambie ukweli wa kusoma hivi. Hakuna anayekupigia wasap kila siku kukubembeleza. Kengele hakuna, mwalimu hakuoni, ukilala umelala peke yako. Wengi tulioanza nao waliishia njiani siyo kwa ujinga, ni uchovu. Kilichonisaidia mimi tulikuwa na kikundi cha kina mama wanne tunakutana jumamosi baada ya soko, kila mtu anakuja na mada moja aliyoisoma anawafundisha wenzake, usipoisoma unaona aibu.

Mtihani ndio utakapoona kwamba ni chuo kweli. Unakwenda kituoni na kitambulisho chako, unakaguliwa, unapangiwa kiti. Mtihani wangu mmoja pembeni yangu alikaa askari amekuja na sare kwa sababu anaingia zamu akitoka, mbele yangu mwalimu ametoka Kongwa na basi la alfajiri, viatu vina vumbi na bado anasoma daftari mpaka msimamizi anamwambia weka chini. Hapo hakuna wa kukufanyia. Muulize huyo wa Marekani mtihani wao unafanyikaje na nani anajua kwamba aliyefanya ni wewe.

Masijala_Mtumba:

Jamani asanteni sana, nimesoma kila kitu na mume wangu nimemsomea. Nimemuuliza yule dada maswali matatu, chombo gani kimewapa ithibati, mtihani unasimamiwaje, na kama naweza kurudishiwa hiyo dola 150 TCU wakikataa. La kwanza akanitumia picha za wanafunzi wenye majoho na nyota tano, la pili akasema hakuna mtihani ni kazi za kuandika tu, la tatu akasema skolashipu imeongezwa mpaka jumatatu. Sijatuma hela.

Na mzee wangu asante, nimemfuata afisa utumishi, kumbe kweli kada yangu inataka digrii ya mambo ya kumbukumbu au inayofanana na hiyo, hii ya biashara isingenisaidia. Swali langu la mwisho, diploma yangu ina GPA 3.1 na kidato cha nne nina D tano na C moja, naingia chuo moja kwa moja au nianzie kozi ya msingi?

Mstaafu_Kikuyu:

Unaingia moja kwa moja mwanangu. Kiwango cha chini cha TCU kwa mwenye diploma ni GPA 3.0 na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne kuanzia D, masomo ya dini hayahesabiwi. Baadhi ya kozi zinaongeza masharti yake kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka huu kwenye tovuti ya TCU, uangalie vyuo vyote vyenye kozi ya kumbukumbu, siyo kimoja. Nenda chuoni na vyeti halisi, siyo kopi.

Halafu andika barua kwa mwajiri kabla hujaanza, hata kama unajilipia na unasoma usiku, uombe jina lako liingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka wa fedha ujao. Nakala moja ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo nyumbani. Hiyo namba ya wasap ya yule dada ifunge.