Miezi 19 nikijua nilianguka intavyu ya mafunzo, kumbe ilikuwa kura ya kompyuta!

Wanajukwaa, nina hasira na sitaificha. Someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kuniambia nishukuru Mungu kwa uhai.

Jana mchana nilikuwa Kondele nangoja tuktuk, simu ikaita. Namba naijua, ni ya watu wa utafiti. "Dada, habari yako, tumefika awamu ya tatu, tungependa kukutembelea Alhamisi, maswali ni yaleyale." Nikamuuliza kijana wa watu, kwa upole tu: awamu ya tatu ya nini, na mafunzo yenyewe mliniangusha? Akacheka. Nadhani ni mgeni kazini, maana wale wa kwanza hawakuwahi kuteleza hivyo. Akasema, "La, dada, hukuanguka. Wewe uko kundi la kulinganisha, wale wasiopewa mafunzo. Majina yaligawanywa na kompyuta."

Tuktuk ikaja, ikajaa, ikaondoka. Mimi bado nimeweka simu sikioni na mwenzangu keshakata.

Sasa nisikilizeni. Mwezi wa saba mwaka juzi mzee wa mtaa alipita Nyalenda akitangaza mafunzo ya ufundi ya bure kwa vijana wa miaka 18 hadi 29 wasio na kazi ya kueleweka. Miezi mitatu darasani na karakana, mitatu mingine ukiwa chini ya fundi, na pesa kidogo ya nauli kila mwezi kwa M-Pesa. Unachagua mwenyewe: umeme, mabomba, ushonaji, saluni, friji. Mimi niliweka alama kwenye friji. Joto la Kisumu mnalijua. Samaki wakilala usiku mmoja bila barafu ni hasara, na kila duka la soda lina friji mbili, moja imekufa. Fundi wa friji hapa halali njaa. Fundi wa friji mwanamke sijawahi kumwona hata mmoja. Nikasema huu ndio mlango wangu.

Siku ya kuandikishwa tulijaa ukumbi wa kanisa mpaka wengine wakakaa nje chini ya mwembe. Nilikuwa nimeazima viatu vya dada yangu, vinanibana kidole gumba, na faili kwapani: kitambulisho, cheti cha KCSE, barua ya chifu. Nikahojiwa karibu saa mbili nzima. Nyumba ina vyumba vingapi, paa ni la nini, magodoro mangapi, kuku wangapi, wiki iliyopita mlilala njaa siku ngapi. Nikaonyeshwa maumbo kwenye tableti, moja limekosekana, nichague linalojaza pengo. Nikapewa hesabu. Nikaonyeshwa picha ya ngazi yenye vipandio kumi, niseme maisha yangu yamefika kipandio cha ngapi. Mwisho wakaomba namba za watu watatu watakaojua niliko hata nikihama. Mimi nikadhani hao ni wadhamini! Nikawapa namba ya mwalimu wangu wa zamani, ya mama na ya mzee wa kanisa. Kumbe ni za kunisaka nikipotea.

Niambieni, foleni ile, vyeti vile, mtihani ule, mtu anaandika kila unachosema, hiyo si intavyu? Kwa hiyo nikajibu kama mtu wa intavyu. Kwenye ngazi nikasema niko kipandio cha saba ili wasinione mnyonge. Jirani yangu wa ploti akasema cha pili ili wamhurumie. Sote wawili tulikuwa tunajisumbua bure.

Wakati huo nilikuwa nakaa duka la M-Pesa pale Kibuye, elfu nane kwa mwezi. Tulikuwa tumeambiwa ukichaguliwa unaripoti ndani ya wiki moja, usipofika nafasi yako inakwenda kwa mwingine. Mwenye duka hakutaka habari za ruhusa, na mpwa wake alikuwa anaimezea mate kazi ile. Nikaacha. Hilo ni kosa langu, hakuna aliyenituma. Lakini kama ningeambiwa ni kura, huenda ukapata huenda ukakosa hata uwe hodari vipi, ningeacha kazi? Nani anaacha kazi kwa sababu ana tiketi ya bahati nasibu mfukoni?

Mwezi wa nane ujumbe ukaingia: "Asante kwa kushiriki. Kwa bahati mbaya hukuchaguliwa." Basi, hakuna lingine. Yale maneno "kwa bahati mbaya" niliyachukulia kuwa ya adabu tu, kama watu wanavyoandika. Kumbe ndiyo yaliyokuwa ya kweli kuliko yote.

Hamjui miezi iliyofuata ilivyokuwa. Mama hakunigombeza, aliuliza tu kila baada ya siku chache, akiwa anachambua omena, "Lakini uliwajibu nini?" Mjomba akasema ningevaa sketi. Mwingine akasema ufundi wa friji ni wa wanaume, nilijiponza mwenyewe kwa kuchagua. Mimi moyoni nilishika yale maumbo. Niliamini ndiyo yaliyonimaliza, kwa sababu mawili ya mwisho nilikisia. Nikaazima kitabu cha hesabu cha binamu yangu wa kidato cha pili. Usiku, watu wamelala, mwanamke mzima na KCSE yake anachora pembetatu na miraba kwenye daftari, anazizungusha, ili mwaka ujao wakija asiaibike tena. Daftari lenyewe bado ninalo. Nililitazama jana usiku nikalia kwa hasira, si kwa huzuni.

Jirani yangu wa kipandio cha pili alichaguliwa. Simwonei kijicho, huyo ndiye aliyenifundisha kidogo ninachojua. Jioni akirudi nilikuwa namwuliza leo mmefanya nini. Akanionyesha kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba, pale povu linapochemka ndipo gesi inapotoka. Akanionyesha usishike kapasita kabla ya kuimaliza chaji. Lakini alikuwa ananionyesha kwa wizi, maana walikuwa wameambiwa wasigawe madaftari kwa wasio wa darasa. Tulidhani ni mambo ya siri za chuo. Sasa ndiyo naelewa: mimi natakiwa nibaki vilevile nilivyo ili yeye apimwe dhidi yangu. Nikijifunza kwa mlango wa nyuma, tofauti kati yetu inapungua, na kwenye karatasi yao itaonekana mafunzo hayakusaidia sana. Awamu ya pili karani aliniuliza kabisa, "Kuna mtu yeyote aliyepata mafunzo ambaye amekufundisha chochote?" Nikasema hapana, nikihofia mwenzangu afukuzwe. Kwa hiyo watafiti, kama mnasoma humu, data yenu ina uongo wangu ndani, na mliutengeneza nyinyi.

Jana sikulala, nikasoma. Haya mambo ya kugawa watu kwa kura ili kupima mradi hayakuanza jana, na nyumbani kwake hasa ni huku kwetu magharibi. Mwaka 1998 kule Busia shule 75 za msingi ziligawanywa makundi matatu ya shule 25 kwa ajili ya dawa za minyoo. Mmoja wa wenye utafiti ule, Michael Kremer, alikuwa amewahi kufundisha Kakamega miaka ya 1980, na mwaka 2019 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi za namna hii. Wale watoto wa Busia wameendelea kufuatwa mpaka wamekuwa watu wazima wenye watoto wao. Siaya nako, vijiji 653 viliingizwa kwenye utafiti wa pesa za bure, takriban dola 1,000 kwa kila nyumba maskini iliyoezekwa nyasi, lakini ni karibu nusu tu ya vijiji vilivyopangiwa pesa hizo. Hata mafunzo ya ufundi si mageni: kuanzia 2008 vijana zaidi ya 2,000 wa huku huku waliingizwa kwenye kura ya vocha za karo ya vyuo vya ufundi.

Sasa angalieni ile ya minyoo. Kundi la kwanza lilipata dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Walipishana, lakini hata wa mwisho wakafikiwa. Sisi wa friji zamu yetu ni lini? Jana nilimuuliza yule kijana, akasema hiyo haiko kwenye mpango, mpango ni kutuhoji tu. Yaani nina thamani kwao mradi nisipate kitu. Wananitafuta kuliko ndugu zangu wanavyonitafuta. Nilihamia Obunga miezi miwili nikakosa kodi, wakanifuata kupitia mzee wa kanisa. Shilingi mia tatu kwa saa mbili za kueleza jinsi nilivyo maskini, kisha karani anafunga tableti na kuniambia nibarikiwe.

Nao makarani sina ugomvi nao. Aliyekuja mara ya pili ana digrii ya takwimu na viatu vimeisha soli kuliko vyangu, mkataba wake ulikuwa wa wiki sita. Ukitaka ajira ambayo utafiti huu wa ajira umeitoa bila shaka yoyote, ndiyo hiyo yake.

Kabla hamjaniuliza kama nilitia sahihi: ndiyo. Nimeitafuta nakala ya fomu ya ridhaa, ilikuwa kwenye faili ileile ya vyeti. Ukurasa wa pili, kwa Kiingereza, katikati ya aya ndefu, imeandikwa kwamba washiriki watapangwa kwa nasibu kwenye makundi. Siku ile, huku foleni inasukumana, niliambiwa, "Hapa ni kukubali kuulizwa maswali, tia sahihi hapa na hapa." Wakili wao atasema niliarifiwa. Mtu asiye mwanasheria atasema nilionyeshwa pa kuweka kalamu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema nina haki ya kujua habari zangu zinatumika vipi, na mtafiti yeyote nchini anatakiwa awe na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Sidai kwamba hawana kibali. Nasema karatasi zao zinaweza kuwa safi kabisa na bado mimi nikawa nimedanganywa.

NYONGEZA, saa nne usiku. Nimesoma majibu yenu. Yule wa Nakuru anayesema "afadhali kura kuliko orodha ya mheshimiwa", ndugu yangu, tuko pamoja! Basari za huku tunajua zinavyogawiwa, unaulizwa kwanza wewe ni wa nani. Nafasi zikiwa chache na watu wengi, kura ni haki, hakuna kura inayokuuliza jina la baba. Wangesimama kwenye baraza la chifu, kwa Kiswahili na Kijaluo, waseme nafasi hazitoshi, tutapiga kura, atakayekosa hakukosa kwa sababu ni mjinga. Ningekosa, ningeumia siku mbili, ningerudi kwenye duka langu la M-Pesa ambalo nisingekuwa nimeliacha. Walikuwa na kitu kimoja cha haki mkononi na wakakifunika kama aibu.

Na wewe unayesema nisiwe na uchungu kwa sababu "utafiti utasaidia vijana wa kesho", mimi nina miaka 26. Kesho hiyo inaanza ukiwa na miaka mingapi?

Waliouliza kama nitajitoa: karani ameniambia naruhusiwa kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na hilo nalo liko kwenye fomu. Bado sijaamua. Anakuja Alhamisi saa tatu. Nimepanga kabla hajafungua tableti anisomee ule ukurasa wa pili wote, polepole, kwa Kiswahili, mama akiwa amekaa hapo hapo. Kisha amwambie mama kwa mdomo wake kwamba sikuanguka. Akikubali hayo nitamjibu maswali yake ya kuku na magodoro. Kwenye ile ngazi safari hii nitasema ukweli, ni kipandio cha tatu.

Kama kuna mwingine humu aliyeandikishwa nasi mwaka juzi akakosa, Nyalenda, Manyatta, Obunga au popote, weka hapa maneno ya ujumbe uliotumiwa. Nataka kuona kama wote tuliandikiwa "kwa bahati mbaya".