Alizeti iko stoo, mashine inauzwa kwa dola. Niuze sasa au nisubiri?

Mkamuaji wa Kizota:
Wakuu, habari za majukumu. Nina magunia 140 ya alizeti stoo, niliyakusanya Kongwa na Mpwapwa wakati wa mavuno. Nataka mashine ndogo ya kukamua kutoka China, muuzaji anadai dola 3,000. Mwaka 2024 nilinunua dola za vipuri kwa shilingi 2,700 na ushee, Desemba zikashuka hadi 2,400 hivi. Mpaka leo mama watoto ananikumbusha tukikaa kula. Niuze alizeti ninunue dola, au nitulie? Halafu, mbona dola ikishuka bei za madukani hazishuki?

Babu Zabibu:
Mkuu, hiyo alizeti ni dola iliyovaa gunia. Bei yake haipangwi sokoni Kibaigwa, inapangwa na mawese ya Indonesia na Malaysia. Mwaka 2022 vita viliibana Ukraine, muuzaji mkubwa wa mafuta ya alizeti, na Aprili Indonesia nayo ikazuia mawese yake yasitoke. Huku ndoo ya mafuta ikapaa. Mawese yalipoporomoka baadaye, tuliojaza stoo tulilia. Shilingi ikilegea, mawese yanaingia kwa bei kubwa na alizeti yako inapanda nayo. Sasa ukiuza yote ukanunua dola, umehama chumba, nyumba ni ileile. Cha kuogopa ni mawese kushuka huko nje, au bajeti ya Juni kupunguza ushuru wa mafuta ya kula ya kutoka nje.

Shangazi wa Majengo:
Babu kamaliza, naongeza la dola tu. Shilingi yetu ina misimu: watalii huleta dola kuanzia Julai, korosho kuanzia Oktoba. Mwanzoni mwa mwaka dola huadimika. Dhahabu ndiyo bidhaa yetu kubwa ya nje, na Machi 2025 wakia moja ilivuka dola 3,000, hiyo inatubeba. Pipa la mafuta ghafi ya petroli likipanda bei, waagizaji wanagombea dola hizohizo. Na mzigo wa dukani uliagizwa kwa dola ya miezi iliyopita, mwenye duka hawezi kukushushia leo (wengine hawataki tu, tuseme ukweli). Wewe nunua kidogo kidogo.

Mkamuaji wa Kizota:
Asanteni sana. Nimemuuliza muuzaji, anakubali asilimia 30 kwanza. Kesho napakia magunia 50, mengine yakae. Panya ndio wananinyima usingizi.

Babu Zabibu:
Fuga paka, mkuu. Huyo hahitaji dola.