Naomba ushauri: pikipiki ya umeme au Boxer kwa kazi ya bodaboda Goba?

Wakuu, habari za majukumu. Mkataba wa Boxer 150 ninayoendesha unaisha, sasa nataka chombo changu mwenyewe. Kuna jamaa kijiweni kahamia kwenye ya umeme na kila siku ananipigia debe: hakuna kumwaga oili, hakuna plagi wala kabureta, hakuna klachi. Nimeijaribu, inaondoka kwa nguvu kuliko ya petroli, kimya kabisa, hadi abiria anauliza kama umeiwasha.

Kinachonitia wasiwasi ni betri. Kijiwe changu kipo Goba, na milima ya huku mnaijua. Ukipanda umebeba mtu na gunia la mkaa, chaji inashuka huku unaiona kwenye dashibodi. Petroli ikikata nanunua hata ya chupa, lakini betri ikikata usiku Madale nafanyaje? Kusukuma?

Halafu kuna hili la kununua pikipiki huku betri ikibaki mali ya kampuni, wewe unalipia kila unapobadilisha iliyoisha chaji kwa iliyojaa. Bei ya kununulia inapungua, sawa, ila wakipandisha gharama ya kubadilisha nitakwenda wapi? Na ukitaka kuiuza, mnunuzi anapatikana? Boxer hata ikichoka haikosi mtu.

Najua wenzetu Kigali tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinasajiliwa za umeme tu, kwa hiyo kazi zinafanya. Ninaowahitaji ni mliotumia hapa Dar kupita masika mawili: betri bado inafika umbali uleule? Na fundi wa kontrola (kile kifaa kinachoongoza umeme kutoka kwenye betri kwenda kwenye mota) mnampata wapi?