Naomba ushauri: kaka yangu, gongo na tumbo

Habari zenu ndugu. Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa hapa Igombe, Mwanza, na gongo ameinywa miaka tisa. Mwezi uliopita aliacha ghafla. Siku ya pili mikono ikatetemeka hadi chai ikammwagikia kifuani, kisha akaanguka kama mwenye kifafa. Daktari alitukanya sana: mtu wa namna hiyo asiachishwe nyumbani, anaweza kufa.

Sasa ni wiki ya tatu bila pombe, lakini halali, ana huzuni, na tumbo linamsumbua. Nimesoma kwamba pombe hulegeza ukuta wa utumbo, sumu za bakteria zikapenya kwenye damu na kuchochea uvimbe unaogusa hata ubongo. Watafiti wa Ubelgiji mwaka 2014 waliona wagonjwa wenye utumbo uliolegea ndio waliobaki na huzuni, wasiwasi na hamu ya pombe baada ya wiki tatu. Ni yeye kabisa!

Mama anampa mtindi na uji wa mtama. Kuna aliyeona chakula kikisaidia, sambamba na dawa za hospitali? Na giza likiingia wenzake watampitia waende ziwani, chupa ikiwa mtumbwini. Nimzuieje bila kumvunjia heshima?